SS: Kupona Kupo, Lakini Hakuuzwi Katika Chupa



Hapa Lubumbashi tunawaombea watoto wengi wenye drepano, ule ugonjwa tunaoita SS, na tutaendelea kuwaombea. Lakini mama zao wanafuatwa na wauzaji wa vidonge vya "chembe mama", wanaosema vinaponya SS. Tueleze basi ukweli.

Mungu ameweka mafuta ndani ya mifupa yetu. Humo chembe mama zinazaa damu kila siku. Mtoto wa SS amepokea kasoro kwa baba na kwa mama pia: chembe zake nyekundu zinajipinda kama mundu, zinaziba mishipa, zinaleta maumivu, tena zinakufa upesi.

Waganga wa hospitali wana njia mbili za kuponya. Ya kwanza: dawa kali zinaondoa chembe mama za mgonjwa, kisha anapewa za ndugu yake wa tumbo moja, kama zinapatana. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, Tanzania, ilianza kuwatibu hivyo watoto wa SS mwaka 2023. Ya pili: chembe za mgonjwa mwenyewe zinatolewa, zinarekebishwa katika laboratwari, zinarudishwa mwilini. Uingereza na Marekani ziliikubali mwaka uleule, lakini huko Marekani bei yake ilitangazwa mwaka huo kuwa dola milioni 2,2 kwa mtu mmoja. Njia zote mbili zina hatari, na mgonjwa analala hospitalini wiki nyingi. Chembe mama hai haikai katika kidonge cha soko.

Je, tukose tumaini? Hapana. Kuna dawa ya hidroksiurea. Ilijaribiwa kwa watoto wa Kinshasa, Angola, Kenya na Uganda, na mwisho wa 2018 matokeo yalitangazwa: maumivu yalipungua, malaria pia, kuongezewa damu, hata vifo. Haiondoi SS, na lazima munganga aifuatilie kwa kupima damu.

Hezekia aliomba, Mungu akamsikia. Na Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake (2 Wafalme 20). Maombi na dawa vilikwenda pamoja. Kwa hiyo mtumishi yeyote asimwambie mama aache dawa ya mtoto ili kuonyesha imani.

Na ninyi vijana wachumba, pimeni damu kabla ya mahari. Kama wote wawili ni AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto wa SS. Kujua mapema ni hekima.

Bwana awabariki.