Usimtumie mteja vipande sita vya video, mtumie kimoja!



Leo tuongelee kosa ambalo hata mimi nimelifanya sana. Nilipata mzigo wa vijora, nikachukua video sita fupi fupi: rangi, kitambaa, mshono, saizi, bei na namba ya simu. Nikamrushia mteja zote WhatsApp. Yeye akamtumia dada yake moja tu, ile ya rangi. Haina bei, haina namba yangu. Dada mtu akakipenda kijora, akaenda kununua kwa mtu mwingine! Tangazo nimepiga mimi, hela kala mwenzangu.

Tangu siku hiyo naunganisha vipande vyote viwe video moja. Hata ikizunguka magrupu kumi, bei na namba zinakwenda nayo. Mimi natumia CapCut kwenye simu. Fanya hivi:

1. Rekodi vipande vyote simu ikiwa imesimama. Ukichanganya na vya simu iliyolala, vile vya kulala vitatokea na weusi juu na chini.

2. Fungua CapCut, bonyeza "New project". Gusa video kwa mpangilio unaotaka zionekane, halafu bonyeza "Add". Ukikosea mpangilio, kandamiza kipande kwa kidole, kiburute mpaka mahali pake.

3. Punguza mwanzo na mwisho wa kila kipande, zile sekunde unazohangaika kuweka simu sawa. Sekunde 5 kwa kipande zinatosha. Vipande sita ni nusu dakika tu, mteja hachoki.

4. Andika bei na namba yako kwa "Text". Maandishi hayo yavute yafike mpaka mwisho wa video, yasitokee sekunde chache yakapotea. Usiyaweke chini kabisa, maana TikTok na Instagram hufunika sehemu hiyo kwa maelezo yao.

5. Mwishoni utakuta kipande chenye nembo ya CapCut. Kiguse, kifute.

6. Kabla ya "Export", chagua ubora. Kwa WhatsApp 720p inatosha, faili inakuwa nyepesi na bando la mteja linapona. Kwa Instagram na TikTok weka 1080p.

Angalizo: usifute vipande vya mwanzo kabla hujaitazama video nzima, tena ukiwa na sauti. Kelele za bodaboda zikiharibu maelezo yako, utavihitaji tena.

Na kila bei ikibadilika, rekebisha maandishi, utoe video mpya. Ile ya zamani itaendelea kuzunguka, na mteja atakushikilia kwa bei aliyoiona. Kwa hiyo andika na tarehe ya bei pembeni.

Una mzigo mpya ndani? Jaribu leo leo. Na umtumie mwenzako anayerusha video kumi kumi kwenye grupu!