Kura ya diwani, kutoka Ngerengere hadi Leicester

Machi 2023, zikiwa zimebaki wiki chache tu kabla ya uchaguzi wa baraza la jiji hapa Leicester, mdogo wangu mmoja, mtoto wa Kinole kule Morogoro, alinipigia simu kwa sauti ya chini. Posta ilikuwa imemletea kadi yenye jina lake kamili na jina la shule ya jirani anakotakiwa kwenda kupiga kura. Miezi kadhaa nyuma alijaza fomu fulani akidhani ni ya kodi.

"Shikamoo dada. Hawa watu wamenikosea. Mimi mgeni, nina viza tu. Nikienda pale si nitakamatwa?"

"Marahaba. Hawajakukosea. Nenda."

Tangu siku hiyo nimeulizwa swali hilo mara nyingi. Wanaoniuliza si wageni wote. Wengine wamebeba boksi katika nchi hii miaka ishirini, na kila kadi ikija huitupa pamoja na matangazo ya piza. Kuwaambia tu kwamba wanaruhusiwa hakutoshi, maana wanabaki kudhani ni upendeleo wa muda ambao wenye nchi wataugundua kesho na kuufuta. Kwa hiyo naandika historia yake, ya huku na ya kwetu Ngerengere, Morogoro, Tanzania, kwa sababu nimegundua hofu ya wengi wetu ilianzia kwetu.

Kwanza sheria. Raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola aliyefikisha miaka 18 na anayeishi Uingereza kihalali, kwa viza ya masomo, ya kazi au kibali cha kudumu, ana haki ya kuandikishwa na kupiga kura katika uchaguzi wa mabaraza na hata wa Bunge. Mjerumani aliyeishi hapa miaka thelathini bila kuchukua uraia hana kura ya Bunge. Mtu wa Ngerengere aliyefika mwaka jana anayo.

Haki hiyo ni mabaki ya himaya. Zamani aliyepiga kura Uingereza alikuwa raia wa Mfalme, popote alipozaliwa, mradi anaishi humu. Ila sisi hatukuwemo. Tanganyika haikuwa koloni kama Kenya. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa chini ya udhamini, kwanza wa Shirikisho la Mataifa na baadaye Umoja wa Mataifa. Mtu aliyezaliwa Nairobi alihesabiwa raia wa Mfalme, lakini Mluguru wa Morogoro aliitwa mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza tu, na ulinzi huo haukuwa na kura ndani yake. Bendera ilipopandishwa tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ikaingia Madola kama nchi huru, na ndipo Mluguru akapata haki ya kupiga kura Leicester. Napenda sana jambo hili lieleweke: kura tuliyo nayo huku tumeipata kwa uhuru wetu.

Sasa turudi nyumbani. Ngerengere wengi wanaijua kwa stesheni. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907 ikipita hapo, mashamba ya mkonge yakaleta watu kutoka kila upande, wakakaa pamoja na Wakami, Wakwere na Waluguru walioshuka milimani. Baadaye ikaja kambi ya jeshi la anga. Siku hizi treni ya umeme iliyoanza kwenda Morogoro Juni 2024 nayo ina kituo chake hapo. Lakini ukitaka kujua nani anapanga barabara ya kata, zahanati na madarasa, hutazami reli. Unatazama Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro, ambayo makao yake yako Mvuha, upande wa pili kabisa kupitia Tununguo, na unamtazama diwani wa kata anayekwenda kukaa katika baraza lake.

Chombo hicho kimepitia mengi. Mwaka 1926 Gavana Donald Cameron alileta sheria ya mamlaka za wenyeji, kwamba Mwafrika atawaliwe kupitia wakuu wake. Shida ni kwamba Uluguru haikuwa na mkuu mmoja. Ardhi ilikuwa ya koo, urithi ukifuata upande wa mama, na hata Kingalu wa Kinole aliyeheshimiwa kwa mvua hakuwa mtawala wa milima yote. Serikali ikatengeneza usultani pale ambapo haukuwepo, kisha ikautumia kupitisha amri zake. Miaka ya 1950 amri ilikuwa moja kubwa: kila mtu achimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Ilikuwa kazi ya shuruti, na asiyechimba alishtakiwa katika baraza la wenyeji, yaani baraza lile lile lililosemekana kuwa lake. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo, huko huko Uluguru, kupinga. Polisi walipiga risasi na John Mahundi akafa. Mpango wa matuta ukafa naye mwaka huo huo.

Wazee wa Uluguru waliobaki na kumbukumbu hiyo hawakufundisha watoto wao kwamba baraza ni mahali pa kupeleka shida. Walifundisha kwamba baraza ni mahali pa kuogopa. Naamini wosia huo bado unatembea nasi. Yule mdogo wangu aliyeogopa kukamatwa kwenye kituo cha kura ametoka kilomita chache tu kutoka Matombo.

Baada ya Uhuru, utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963 na halmashauri za wilaya zikachaguliwa na wananchi. Hazikudumu. Mwaka 1972, kwa ushauri wa kampuni ya Marekani ya McKinsey, serikali ilianzisha mpango wa Madaraka Mikoani. Jina lilisema madaraka yanashuka. Kwa kweli zilizoshuka ni ofisi za serikali kuu. Halmashauri zilizochaguliwa zikavunjwa, na maamuzi yakashikwa na maofisa walioteuliwa mkoani na wilayani. Nia ya Mwalimu Nyerere ya kuharakisha maendeleo vijijini siitilii shaka. Lakini kwa miaka zaidi ya kumi mtu wa Ngerengere hakuwa na halmashauri ya wilaya aliyoichagua. Mijini huduma zilianguka upesi hata mabaraza ya miji yakalazimika kurudishwa mwaka 1978. Vijijini ilibidi kusubiri Sheria Namba 7 ya mwaka 1982, na halmashauri za wilaya zikaanza kazi tena mwaka 1984. Leo zimetajwa katika Katiba, ibara ya 145 na 146.

Mwaka huo huo wa 1972, baraza la jiji la Leicester nalo lilifanya jambo ambalo watu wa Afrika Mashariki hawajalisahau. Idi Amin alikuwa amewapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Septemba, baraza likalipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus la Kampala kuwasihi wasije Leicester, kwamba nyumba, shule na huduma zimejaa. Zaidi ya watu 27,000 waliingia Uingereza kutoka Uganda, na maelfu wakaja Leicester vilevile. Wapo wanaosema hawakuwahi kulisikia jina la mji huu mpaka waliposoma tangazo lile. Leo ukitembea barabara ya Belgrave utaona muhogo wa kukaanga umeandikwa "mogo" kwenye menyu, na wazee wa Kihindi watakuuliza kwa Kiswahili safi umetoka mkoa gani. Wao na watoto wao hawakuishia kwenye biashara. Waliandikishwa, wakapiga kura, wakagombea, wakakaa kwenye viti vya baraza lile lile lililowakataza. Walianza na kadi kama zile tunazozitupa.

Wala msidhani baraza la Uingereza ni mwamba usiotikisika. Aprili 1974 serikali ya London ilipanga upya mabaraza, na Leicester ikanyang'anywa shule na ustawi wa jamii, vikapelekwa kwa baraza la kaunti. Ilirudishiwa Aprili 1997, miaka 23 baadaye. London yenyewe baraza lake kuu lilifutwa mwaka 1986 na serikali ya Margaret Thatcher. Nchi hii haina katiba iliyoandikwa ya kulilinda baraza. Kwa hilo Mvuha imewekewa kinga bora kwenye karatasi kuliko Leicester.

Kilichopo nje ya karatasi ni habari nyingine. Hapa jiji lina kata 21 na madiwani 54, na tangu 2011 meya anachaguliwa na wananchi moja kwa moja. Karibu kila nyumba inalipa kodi ya baraza, hata ya mpangaji, kwa hiyo diwani anayeomba kura anaomba kwa mtu anayemlipia kazi. Mkuu wa watumishi wa jiji huajiriwa na baraza lenyewe. Kwetu, wananchi wanamchagua diwani, madiwani wanamchagua mwenyekiti wa halmashauri, lakini Mkurugenzi anayeshika fedha na watumishi anateuliwa na Rais. Diwani wa Ngerengere anaweza kugonga meza Mvuha mpaka jioni. Mkurugenzi hakuajiriwa naye.

Tofauti nyingine ni nani anaweza kugombea. Hapa mtu husimama bila chama chochote, akiwa na saini mbili za wapiga kura wa kata yake, bila kuweka dhamana. Hata wewe mwenye pasipoti ya Tanzania unaweza kugombea, ukitimiza masharti ya ukaazi. Kwetu lazima udhaminiwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka suala hilo mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha, na mwaka 2013 ikaamua kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki. Zuio bado lipo.

Hapa pia niwaondolee mkanganyiko mmoja unaojitokeza kila tukikaa kwenye misiba na harusi. Nyumbani tunaposema uchaguzi wa serikali za mitaa tunamaanisha wenyeviti wa vijiji, vitongoji na mitaa pamoja na wajumbe wao. Huo husimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu, na hufanyika mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu. Diwani huchaguliwa siku moja na Rais na Mbunge. Mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na mwaka 2024 CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya vijiji. Katika uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025 CHADEMA haikuwemo. Mimi si mwanachama wa chama chochote, ila nasema wazi kwamba kura isiyo na mtu wa kumlinganisha na mwingine haimfundishi mpiga kura kazi ya diwani.

Hapa Leicester mwaka 2023 niliona somo lingine. Labour ilikuwa imeshinda viti 53 kati ya 54 mwaka 2019, karibu sawa na hesabu za kwetu. Kabla ya uchaguzi ilikataa kuwasimamisha tena madiwani wake wengi, na tarehe 4 Mei watu wakazungumza: Labour ikabaki na viti 31, Conservative wakapata 17, Liberal Democrats watatu na Greens watatu. Hakuna aliyeenguliwa kwenye karatasi. Waliokuwa wamezoea viti waliviacha, na Jumatatu taka zikazolewa kama kawaida.

Linaloniuma ni hili. Sisi tulio huku hatuwezi kumchagua diwani wa Ngerengere, maana sheria yetu haijaweka utaratibu wa kupigia kura nje ya nchi. Aliyechukua uraia wa Uingereza amepoteza ule wa Tanzania na kura yake pamoja, na hadhi maalumu inayotolewa sasa kwa Watanzania wa aina hiyo hairudishi kura. Tunatuma fedha za bati la zahanati na dawati la shule, lakini anayepanga zahanati ijengwe wapi hatumpigii kura. Nadhani ni kosa, na lirekebishwe. Lakini kulia kwa kunyimwa kura moja huku tunatupa nyingine jalalani, hapana.

Kwa hiyo, ndugu zangu, fanyeni hivi. Jiandikishe kwenye mtandao wa serikali. Ni dakika chache, unahitaji namba yako ya bima ya taifa na anwani. Mwisho wa kujiandikisha ni siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi, na ukihama nyumba unajiandikisha upya. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku, siku ya Alhamisi, kwa hiyo hata mtu wa zamu ya usiku anapata nafasi. Tangu Mei 2023 lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya Tanzania inakubalika, hata iliyokwisha muda ilimradi sura bado ni yako. Hakuna wino wa kidoleni. Utapewa penseli; weka alama ya msalaba mbele ya jina, ukunje karatasi, utumbukize.

Mdogo wangu wa Kinole alikwenda saa 3 usiku, akitokea darasani na kuelekea ghalani. Msimamizi alitazama pasipoti, akakata jina lake kwenye orodha kwa rula, akampa karatasi. Hakumuuliza ametoka wapi.