KUFUTA MILIKI YA KIWANJA CHA KIWANDA

Mara kwa mara makada hutuuliza: Serikali inapofuta miliki ya kiwanja cha kiwanda kilichotelekezwa, je, huo si unyang'anyi? Jibu limo katika historia ya ardhi yetu ya Tanzania Bara.

Wajerumani waliwagawia walowezi ardhi kwa milki ya kudumu. Mwenye hati aliweza kukaa tu, akingoja bei ipande kwa jasho la wengine. Sheria ya mwaka 1963 iliifuta milki hiyo, na wenyewe wakawa wapangaji wa Serikali kwa miaka 99, chini ya sharti la kuendeleza. Kwa sheria ya mwaka 1969 upangaji huo nao uligeuzwa kuwa haki ya kuishika na kuitumia ardhi. Ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Ukiliondoa sharti, hakuna hati inayobaki.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataja sababu za kufuta: kuvunja masharti, kuitelekeza ardhi kwa muda usiopungua miaka miwili, na nyinginezo. Lakini Kamishna wa Ardhi hutoa ilani kwanza. Mmiliki hujieleza, na aweza kutozwa faini au kuamriwa arekebishe kosa. Akikaidi, hupewa ilani ya siku 90, ndipo Rais anafuta. Hata hapo hulipwa fidia ya maendelezo aliyoyafanya kwa kufuata masharti. Kada anayetangaza mkutanoni kwamba kiwanja "kimeshachukuliwa", na ilani haijatoka, anamtafutia mmiliki ushindi mahakamani.

Tatizo kubwa lilikuja na ubinafsishaji ulioanza mwaka 1992. Baadhi ya wanunuzi waling'oa mitambo wakaiuza kama vyuma chakavu. Majengo yakawa maghala. Wengine, wajanja zaidi, walipeleka hati benki, wakakopa, na fedha zikaenda kwingine kabisa. Kiwanda hakitoi hata mita moja ya kitambaa, lakini hati yake inazaa! Marekebisho ya mwaka 2018 yaliulenga mchezo huo: anayeweka rehani ardhi isiyoendelezwa anapaswa kutumia mkopo kuiendeleza ardhi hiyo hiyo.

Tena tusichanganye mambo mawili. Mkataba wa kuuziwa kiwanda una masharti yake, na Msajili wa Hazina ndiye anayeufuatilia. Hati ya ardhi ina yake. Mtu aweza kulipa kodi ya ardhi kila mwaka na bado akawa amevunja mkataba wa mauzo.

Miliki ikifutwa, ardhi hurudi kwa umma siku hiyo. Wafanyakazi walioachishwa hawarudi nayo. Kwa hiyo kabla ya ilani kutoka, uongozi wa wilaya ujue: nani atakipokea kiwanda, kwa mtaji gani, mitambo gani imebaki, na wafanyakazi wa zamani wanamdai nani mishahara yao.