"Betri Haichaji": Kauli Moja, Hitilafu Tatu

Miongoni mwa kauli zinazosikika kila siku katika karakana za pikipiki ni hii: "betri haichaji." Mwenye chombo huisema, fundi huikubali, na aghalabu matokeo yake ni kununuliwa kwa betri mpya ambayo baada ya siku chache nayo huishiwa nguvu kama ile ya kwanza. Sababu ni kwamba kauli hiyo hubeba maana tatu, na kila maana huelekeza kwenye hitilafu ya mahali pengine. Katika makala haya tunakusudia kuzitenganisha maana hizo kwa kufuata namna mtu anavyoweza kuichunguza pikipiki yake nyumbani, kwani mfasiri wa kitabu cha maelekezo hawezi kuchagua istilahi za mfumo asioujua unavyofanya kazi.

Injini inapozunguka, sumaku zinazozungushwa nayo huzipita koili zilizotulia, na ndani ya koili hizo huzaliwa mkondo geu, yaani umeme unaobadili mwelekeo mara nyingi katika sekunde moja. Betri haiwezi kuchajiwa kwa umeme wa namna hiyo. Huhitaji mkondo mnyoofu, uendao upande mmoja tu. Kwa hiyo kati ya koili na betri huwekwa kifaa ambacho mafundi hukiita regulata. Kifaa hicho kina kazi mbili katika kasha moja: kuunyoosha mkondo na kuzuia volti zisipande kupita kiasi. Katika pikipiki nyingi umeme uliozidi hugeuzwa kuwa joto, ndiyo maana kasha lake lina mapezi ya kupoozea. Jina "regulata" hutaja kazi ya pili tu. Hatuoni sababu ya kumnyang'anya fundi neno lake kwa kasha zima, lakini katika maandishi ni vyema sehemu zake zitajwe mbalimbali: kinyoosha mkondo na kidhibiti volti.

Sasa tuje kwenye kitenzi. Tusemapo "betri inachaji," tunaifanya betri kuwa mtenda, ilhali yenyewe hutendwa. Lugha yetu ina viambishi vya kuondoa utata huu, nasi hatuvitumii. Betri *haichajiki* ikiwa imekufa na haiwezi tena kupokea wala kutunza umeme. Betri *haichajiwi* ikiwa nzima lakini umeme haiufikii. Na mfumo *hauchaji* ikiwa chanzo chenyewe, yaani koili, hakizalishi kitu.

Kipimo huthibitisha tofauti hizo. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kupumzishwa saa kadhaa huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo, ikionyesha 12.0 imekwisha. Iliyokwisha ichajiwe kwanza kwa chaja ya nje, maana kuupima mfumo kwa betri tupu hudanganya. Ikishajazwa kisha ikashuka tena usiku mmoja bila kuunganishwa na chochote, hiyo haichajiki, na hapo ndipo fedha za betri mpya hutumika kwa haki.

Ikiwa betri ni nzima, injini iwashwe nje, penye hewa, na volti zipimwe kwenye ncha za betri huku mafuta yakiongezwa. Kwa kawaida zitapanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Zisipopanda, soketi ya koili ichomolewe na mita iwekwe kwenye mkondo geu. Koili zenye nyaya tatu hupimwa mbili mbili, na jozi zote tatu hazina budi kutoa volti zinazokaribiana. Jozi moja ikipungukiwa sana, koili imeungua. Injini ikizimwa, omu kati ya waya wowote na bodi zionyeshe kwamba hakuna njia. Ila katika baadhi ya pikipiki ndogo ncha moja ya koili imeungwa na bodi makusudi, na kipimo hiki hakizifai. Koili zikiwa salama, mshukiwa ni regulata au nyaya zake. Soketi iliyoungua, yenye plastiki iliyoyeyuka, ni jambo la kawaida kabisa, nayo hutazamwa kabla ya kununua kifaa chochote.

Kuna hitilafu nyingine ambayo kauli yetu haiigusi kabisa. Volti zikipita 15, kidhibiti kimeshindwa: betri huchemka, maji yake hupungua, na taa huungua. Hapa betri huchajiwa kupita kiasi. Pia hutoa kwa wingi gesi ya haidrojeni, ambayo huweza kulipuka kwa cheche moja.

Ndiyo maana neno "moto" linatutia wasiwasi. Wasemaji wengi husema "betri imekwisha moto," wakimaanisha umeme, na katika mazungumzo hakuna anayepotea. Lakini kitabu kinachotumia "moto" kwa umeme katika ukurasa mmoja, kisha katika ukurasa wa pili kikaonya "weka betri mbali na moto," kinamwachia msomaji akisie. Tunapendekeza katika maelekezo yaliyoandikwa "umeme" au "chaji" litumike kwa kilichomo ndani ya betri, na "moto" libaki kwa kiberiti, sigara na cheche. Mwalimu wa ufundi anaweza kuanza na wanafunzi wake kwa kuwataka waeleze hitilafu bila kutumia neno "haichaji" hata mara moja.