Wajukuu Wasio na Fungu

Wazee wengi wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, wana mali moja tu ya maana, nayo ni parseli. Nyumba ya mbele wanaishi wenyewe, vyumba vya uani wamepangisha, kibanda cha barabarani yumo fundi au muuza vipuri. Mwenye parseli akiandika wasia huuandika mara moja, aghalabu akirudi Makka au akiinuka kutoka kwenye ugonjwa mzito. Karatasi huingia sandukuni, na haitoki tena mpaka siku watu wanapoanika mikeka ya matanga.

Kati ya siku hizo mbili yanaweza kupita mambo mengi, lakini lipo moja linalopita yote: mtoto kumtangulia baba yake. Jiji hili, hasa tangu vita vya 1993, limezika vijana wengi ambao baba zao walikuwa bado hai. Kijana huacha watoto, babu huwachukua, wanakulia palepale uani. Hakuna anayewaza kwamba siku babu akifumba macho, wajukuu hao hawana fungu.

Ndivyo fiqhi inavyosema: mjukuu huzuiwa na mtoto wa kiume wa marehemu aliye hai, yaani ami yake. Tuseme mzee ameacha mali ya faranga milioni 60, mke, watoto wawili wa kiume na binti mmoja. Mke anachukua thumni, milioni 7.5. Kila kijana anapata 21, binti 10.5. Yatima wa kijana wa tatu, aliyemtangulia baba yake, wanapata sifuri, ilhali baba yao angekuwa hai angechukua milioni 15.

Mlango upo, nao ni wasia. Mzee anaweza kumwachia asiye mrithi hadi theluthi ya mali, baada ya gharama za mazishi na madeni. Akiwaandikia wajukuu milioni 15 zile za baba yao, yuko ndani ya mpaka. Misri haikungoja babu akumbuke. Sheria yake ya 1946 inawapa wajukuu wa namna hii wasia wa lazima. Burundi haina kitu kama hicho. Kwa kweli haina hata sheria iliyoandikwa ya mirathi: mswada wake ulisimamishwa mwaka 2011, na mpaka leo kinachotawala ni mila. Mila nayo huwapa ardhi watoto wa kiume, binti akiambulia igiseke, kipande cha kulima tu.

Kwa hiyo siku ya kufungua sanduku ni pale arobaini ya mtoto inapokwisha. Najua si jambo la kumwambia mzee mwenye msiba, na anayelitaja ataonekana anautolea macho urithi. Ndiyo maana inafaa aliseme imamu au mshingantahe, mzee mwamuzi wa mtaa, asiye na chake katika parseli ile.

Kazi haiishii hapo. Ami wakifa wote kabla ya babu, wajukuu wanageuka warithi, na wasia kwa mrithi haupiti mpaka warithi wenzake waridhie. Karatasi iliyowaokoa jana inakuwa haina nguvu. Kwa sababu hiyohiyo, ule wasia wa kizamani unaosema "nyumba ya mbele ni ya kifungua mimba wangu" ni chanzo cha ugomvi tu, hata kama umepigwa mihuri mitatu.

Mengine nayapitia haraka. Mwaka 2017 serikali iliwataka wanaoishi pamoja bila ndoa ya kiserikali waiandikishe kabla ya mwaka kwisha. Walioitikia walibadili hali yao mbele ya sheria, na sidhani wengi waligusa wasia zao. Mke wa pili hatambuliwi na sheria, kwa hiyo anachotaka mume mke huyo akipate, ni heri ampe yeye mwenyewe angali hai. Soko kuu lilipoungua Januari 27, 2013, kuna mali iliyoteketea ambayo pengine bado imetajwa kwenye karatasi kana kwamba ipo. Hata anwani imebadilika: Buyenzi iliyokuwa komuni yenye jina lake iliingizwa Mukaza, na mwenye kutaka kupinga wasia hakosi pa kushika.

Wasia mpya uandikwe tarehe, mashahidi watie sahihi, na useme wazi kwamba unafuta uliotangulia. Kisha kuna ile fotokopi ya zamani. Karibu kila mara inakaa kwa mtoto mkubwa, na huyo ndiye ambaye mara nyingi wasia mpya unampunguzia. Mzee aiombe angali na nguvu zake, na aichane mwenyewe.