"Limetunzwa Vizuri": Ni Neno au Ni Kazi?

Yako maneno mawili yasiyokosekana katika matangazo ya kuuza magari, liwe gari la teksi lililochoka au gari la mkurugenzi lisilowahi kukanyaga matope. Maneno hayo ni "limetunzwa vizuri". Hayatozwi kodi, wala hakuna afisa anayeyakagua, ndiyo maana kila mwenye kuuza huyatumia bila kujibana. Leo tuyachunguze kwa kulitazama gari moja ambalo kwalo maneno hayo yana bei hasa, bei ya kuweza kujenga nyumba, au kuangamiza akiba ya ukoo mzima. Gari lenyewe ni Subaru Impreza 22B STi la mwaka 1998, ambalo mara chache sana huonekana likiuzwa, na likionekana watu hukesha.

Jina la Impreza si geni kwako. Magari ya jina hilo yamejaa Nairobi na Dar es Salaam, mengi yakiwa yameletwa yakiwa yametumika kutoka Japani. Lakini 22B ni ndugu yao wa pekee. Lina milango miwili tu, rangi yake ni buluu, rimu zake ni za rangi ya dhahabu, na matao ya magurudumu yake yamevimba mithili ya mabega ya kuli wa bandarini. Upana wake ni milimita 1,770, yaani sentimita 8 kupita Impreza ya kawaida ya siku zile. Injini yake ina silinda nne zilizolazwa, mbili kulia na mbili kushoto, na ujazo wake ulikuzwa kutoka sentimita za ujazo 1,994 hadi 2,212. Juu yake imefungwa tabo, ile feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa zaidi. Kwenye karatasi nguvu yake iliandikwa 280. Nasema kwenye karatasi, kwa kuwa kuanzia mwaka 1989 hadi 2004 watengenezaji wa Japani walikuwa na mapatano ya kutotangaza gari lenye nguvu kupita hizo, na ni dhahiri kwamba si kila injini iliyapata habari mapatano hayo.

Kwa nini lilitengenezwa? Hapa ndipo hadithi inapopita kwetu Afrika Mashariki. Mnamo Machi 1997, dereva wa Kiskoti Colin McRae, akiwa na msoma njia wake Nicky Grist, alishinda mashindano ya Safari Rally nchini Kenya kwa gari jipya la Subaru, Impreza WRC97, gari la milango miwili lenye mabega mapana. Vumbi lile lile linalotupasua midomo ndilo lililolipima. Mwisho wa mwaka huo kampuni ilitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji kwa mara ya tatu mfululizo, baada ya 1995 na 1996. Mwaka uliofuata ilikuwa inatimiza pia miaka 40 tangu iuze gari lake la kwanza. Basi ikaamua kutengeneza gari la barabarani lifananalo na lile la mashindano. Sheria za mashindano hazikuilazimisha kufanya hivyo. Ilikuwa ni furaha tu, na pengine biashara ndani ya furaha.

Yalitengenezwa magari 400 kwa ajili ya Japani, kila moja likipewa kibati chenye namba yake. Mengine 16 yalikwenda Uingereza, 5 Australia, na yakawapo 3 ya majaribio. Jumla ni 424 kwa dunia nzima. Bei huko Japani ilikuwa yen milioni 5, nayo yakaisha upesi mno. Kuhusu jina lenyewe, wapenzi wa gari hili hubishana usiku kucha. Wapo wanaosema 22 ni ujazo wa injini na B ni herufi ya kwanza ya jina la watengenezaji wa shokomzoba zake. Wengine, ambao bila shaka walipenda hesabu shuleni, hukumbusha kwamba katika hesabu za kizio cha 16, kama zitumiwazo katika kompyuta, 22B ni sawa na 555, namba ya sigara iliyoandikwa ubavuni mwa magari ya mashindano ya Subaru. Mimi huwaachia ubishi wao.

Lisilobishaniwa ni bei. Mwaka 2023 moja kati ya yale matatu ya majaribio, lililokuwa la McRae mwenyewe, aliyefariki mwaka 2007 katika ajali ya helikopta, liliuzwa mnadani kwa pauni za Kiingereza zaidi ya 480,000. Magari yasiyo na jina la mtu mashuhuri huuzwa chini ya hapo, lakini nayo yako mbali na mshahara wa mtu. Mwaka huo huo yalianza kufikisha miaka 25, umri ambao sheria ya Marekani huruhusu gari lisilotengenezwa kwa kanuni zake kuingizwa huko, na wanunuzi wapya wenye fedha wakajitokeza. Kwa upande wetu, Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo umri wake umezidi miaka 8, na Tanzania huliruhusu lakini hulitoza ushuru wa uchakavu. Kwa hiyo usitarajie kuliona Magomeni kesho. Hata hivyo, yale yanayomkuta mnunuzi wa 22B ndiyo yanayokukuta wewe unaponunua kigari cha kuwapelekea watoto shule. Tofauti ni sifuri chache tu mwishoni mwa hesabu.

BULUU SI USHAHIDI

Kitu chochote kikiwa adimu na ghali, huzaliwa pacha wake wa bandia. Subaru ilitengeneza Impreza nyingine za milango miwili katika miaka hiyo hiyo, zenye tabo na zenye nguvu za kutosha. Fundi hodari wa bodi huweza kuichukua moja ya hizo, akaikata matao, akaipachika mabega mapya, akaipulizia buluu na kuifunga rimu za dhahabu. Ukiwa umesimama kando ya barabara, hutatambua. Sina ugomvi na mwenye kufanya hivyo kwa mapenzi yake na akasema wazi. Ugomvi wangu ni na yule anayeliuza kwa jina lisilo lake.

Basi jicho lisianzie kwenye rangi. Lianzie kwenye namba ya chasisi iliyogongwa katika bati lenyewe, kisha namba iliyo kwenye kadi ya gari, kisha kibati cha ndani, kisha injini. Zote ziseme lugha moja. Kibati peke yake hakitoshi, kwa kuwa kibati hung'oka, na kinachong'oka huibwa au huchongwa upya. Kama injini ni ya 1,994 na mwenye gari anasema ya asili iliharibika, hiyo si dhambi, lakini bei haiwezi kubaki ile ile.

Baada ya hapo ziulizwe karatasi. Wajapani wana utaratibu wa ukaguzi wa lazima: gari dogo jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, na kuanzia hapo kila baada ya miaka miwili. Gari lililoishi huko maisha yake yote huwa na mlolongo wa vyeti, risiti za gereji na daftari la matengenezo. Likipita mnadani huandikiwa pia karatasi ya hali yake, yenye alama ya jumla na mchoro wa bodi unaoonyesha kila mkwaruzo, na lililowahi kugongwa na kunyooshwa hupewa herufi R. Wengi wetu tunaoagiza magari tunaijua karatasi hiyo, lakini ni wachache mno wanaoomba kuiona ile ya asili badala ya tafsiri ya dalali.

Kilomita zisomwe sambamba na karatasi hizo. Tuseme gari la mwaka 1998 linaonyesha kilomita 9,000. Ukizigawa kwa miaka 25 unapata 360 kwa mwaka, pungufu ya safari moja ya kwenda Morogoro kutoka Dar es Salaam na kurudi. Yawezekana! Yapo magari yaliyofungiwa bandani kama bibi harusi. Lakini yawezekana tu ikiwa kila cheti cha ukaguzi kinapanda kidogo kidogo kuifikia hesabu hiyo. Kimoja kikiwa juu na kinachofuata kikiwa chini, shukuru, panda basi, rudi nyumbani.

KUFUNGIA SI KUTUNZA

Nimelitaja gari la bandani, na hapa sina budi kusema jambo ambalo wauzaji wengi hawalipendi. Gari lisilotembea huharibika. Mpira unaozuia mafuta yasivuje hukauka na kupasuka. Petroli huchacha ndani ya tangi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na unyevu huo huanza kula vyuma kwa ndani. Betri hufa. Tairi husimama juu ya sehemu moja mpaka zikapata bapa. Panya nao hupata makazi mema, na waya za umeme huwa ndizo chakula cha usiku. Kwa hiyo gari lenye kilomita 9,000 ambalo halikuguswa kwa miaka kumi laweza kuwa bovu kuliko lenye 90,000 lililotembezwa kila wiki na kumwagwa oili kwa wakati. Mnunuzi wa makumbusho atalitaka la kwanza. Mimi ningelitaka la pili, na ningelala usingizi.

Alama za kazi ya kweli hazing'ari. Mkanda wa taimingi wa injini hizi hubadilishwa kwa kilomita, lakini pia kwa miaka, kwa sababu mpira huzeeka hata ukiwa umetulia, na ukikatika injini huweza kufa hapo hapo. Uliza risiti yake. Tazama ubavuni mwa tairi: kuna tarakimu nne zinazoonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa, kama 3215, yaani juma la 32 la mwaka 2015. Mtu akikwambia halijali gharama gari lake na tairi zina umri wa miaka kumi na mitano, tairi zimekwisha kumjibu. Inama uvunguni ukiwa na tochi. Sehemu za Japani zenye theluji humwagiwa chumvi barabarani, Uingereza vivyo hivyo, na chumvi haichagui gari la namba. Papase matao ya nyuma na mahali zinapofungwa shokomzoba za nyuma, ambapo kutu hupenda kujificha. Katika gari hili kutu ya matao ni msiba mkubwa, maana mabega yake ni ya kwake peke yake na spea zake haziokotwi gereji yoyote.

Fedha nazo zina neno lake. Gari adimu hula likiwa limesimama: bima, banda lisilovuja, fundi anayelijua, oili bora. Hayo yote hulipwa kabla hujapata faida hata ya senti moja, na bei ya leo haina mkataba na mtu. Mwenye kuziweka humo ada za shule za watoto kwa matumaini ya mnada wa kesho anacheza kamari, hata kama kamari hiyo ina rimu za dhahabu. Ndiyo maana mazungumzo ya kwanza si na muuzaji. Ni mezani, pamoja na mwenzio wa nyumbani, daftari likiwa wazi, na kila mmoja akiijua hesabu yote, si nusu yake. Mama mmoja wa jirani husema gari la milango miwili halina nafasi ya mkungu wa ndizi, na katika hilo sijapata hoja ya kumshinda.

Mkikubaliana, na karatasi zikikubaliana, limebaki jambo moja. Mwombe muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika, na uende asubuhi na mapema. Injini ikiwa baridi ndipo husema kweli: moshi wa buluu ukidumu, inakula oili; moshi mweupe usiokoma wenye harufu tamu ni maji ya rejeta yanayopita kwenye gasketi; mlio wa kugonga unaopotea injini ikipata moto usiambiwe kuwa ni kawaida ya Subaru, mpe fundi wako ausikilize. Kabla ya hayo yote, unaposalimiana na mwenyeji, weka kiganja juu ya boneti. Ukiikuta ina joto saa moja asubuhi, muulize alikuwa amekwenda wapi.