Vinara vya Mwambao

Ukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, jengo la kwanza kukupokea Kilwa Kisiwani ni ngome iitwayo Gereza, na wageni wengi huridhika hapo hapo, wakapiga picha, wakarudi. Nawasihi waendelee kutembea. Ukielekea mashariki, njia ikipita kati ya mibuyu na vichaka, unatokea juu ya jabali la matumbawe ambalo mawimbi yamelila kwa chini. Hapo ndipo lilipo jumba kubwa kuliko yote ya Waswahili wa kale, Husuni Kubwa: vyumba zaidi ya mia moja, nyua zinazofuatana, birika la pembe nane, na ngazi zinazoshuka mpaka ufuoni.

Nilikaa kitako ukingoni mwa birika lile hadi jua likanifukuza. Ukipitisha kiganja kwenye michongo ya mle ndani unaelewa ufundi wa wenyewe: jiwe lilitolewa baharini likiwa tumbawe bichi, laini, fundi akalichonga upesi, kisha likaachwa likauke na kuwa gumu. Ndiyo maana mistari yake imebaki mikali baada ya miaka karibu 700. Mwenye jumba alikuwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331, enzi ambayo dhahabu ya Sofala ilipita Kilwa kwanza kabla ya kwenda Uarabuni na Bara Hindi. Jumba halikupata kukamilika. Hata hivyo, kwangu mimi hakuna kuta katika mwambao mzima zinazolishinda.

Kilwa ina kinara kingine, na hiki kinaingia kiganjani. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia aliokota sarafu mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi yake, na tano kati yake zilikuja kutambuliwa kuwa sarafu za shaba za Kilwa. Hakuna kitu cha mji huu kinachojulikana kuwa kilisafiri mbali zaidi ya hapo.

Nimeuzunguka mwambao huu vipande vipande, mwaka hadi mwaka, kutoka visiwa vya Lamu mpaka Ilha de Moçambique, nikitafuta kipi ni kikongwe, kipi kirefu, kipi kilistahimili zaidi. Kila nilipofika nilikuta ukuta umefuata maji. Palipo na kilindi cha kutia nanga pamezuka mji, na palipozuka mji hakukosekana mtu wa kuja na mizinga.

Lile Gereza la Kilwa, kwa mfano, linashika nafasi ya ngome iliyokimbiwa mapema kuliko zote. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505, na kufikia 1512 walikuwa wameshaihama. Nyingi ya kuta tunazoziona leo ni za Waarabu wa Omani, waliojenga upya baadaye juu ya mabaki. Lakini ngome hizi za Wareno zilituachia neno. Gereza latokana na neno lao la kanisa, igreja, kwa kuwa kanisa lao lilikuwa ndani ya ngome. Kisha ngome zenyewe zikaja kuwa mahali pa kufungia watu, neno likahamia huko. Ngome ya Yesu ya Mombasa ilikuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Ngome ya Lamu ilifunga watu mpaka miaka ya 1980. Kila mara nikisikia neno hili redioni, nakumbuka kwamba lilianzia kwenye madhabahu.

Kwa ukongwe wa majengo ya Wazungu, taji liko kusini, Ilha de Moçambique, kisiwa ambacho kabla ya Wareno kilikuwa bandari ya wafanyabiashara Waislamu wa mwambao. Kwenye ncha yake ya kaskazini kuna kanisa dogo jeupe la Nossa Senhora do Baluarte, la mwaka 1522, linalohesabiwa kuwa jengo kongwe kuliko yote ya Wazungu yanayosimama bado kusini mwa ikweta. Limekaa nyuma ya ngome ya São Sebastião, iliyoanza kujengwa mwaka 1558. Waholanzi waliijia mwaka 1607, wakarudi tena 1608, na mara zote mbili waliondoka mikono mitupu. Siri mojawapo iko chini ya uwanja wake. Kisiwa kile hakina maji matamu ya kutegemea, basi mvua ilikingwa juu ya madari ya ngome na kuteremshwa ndani ya visima vya kuhifadhia. Aliyezingira nje aliona kiu kabla ya aliyezingirwa ndani.

Mombasa haikuwa na bahati hiyo, na hapa sina budi kukaa kidogo.

Ngome ya Yesu ilijengwa kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, na sehemu ya kuta zake si kuta bali ni mwamba wenyewe wa matumbawe uliokatwa wima. Kati ya 1631 na 1875 ilitekwa na kupokonywa mara tisa, na kwa hilo hakuna ngome ya kwetu inayoikaribia. Inashika pia nafasi ya mzingiro mrefu kuliko wote: kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33, Waomani wakiwa nje na Wareno ndani. Vitabu vingi husimulia habari hii kana kwamba ilikuwa ugomvi wa mataifa mawili ya ng'ambo tu. Katika mwaka wa pili maradhi yaliwafagia Wareno wa ndani, na aliyebaki akiongoza ulinzi alikuwa Bwana Daud wa Faza, mtu wa kisiwa cha Pate, pamoja na jamaa zake na wanaume na wanawake wachache wa Kiafrika. Hao ndio walioishika ngome hadi msaada ulipofika Septemba 1697. Ningependa kila mtoto wa shule anayepitishwa pale atajiwe jina hilo kabla ya kuoneshwa mizinga.

Chini ya ngome, ndani ya bandari, ilizama meli ya vita ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyokuja kuokoa wenzake mwaka huo huo wa 1697. Wapiga mbizi waliichimbua kati ya 1977 na 1980, na vyombo vyake viko kwenye jumba la makumbusho mle ngomeni. Mimi huvutwa zaidi na michoro ya merikebu ambayo askari waliichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu. Wamechora matanga, kamba, bendera. Nikitazama zile kamba, moja moja, naona mkono wa mtu aliyekuwa akihesabu siku za kurudi kwao.

Ngome inatazama Bandari ya Kale kwa sababu ndiko majahazi yalikoingia. Upande wa pili wa kisiwa ndiko kwenye maji marefu zaidi, na wenyeji waliliweka jambo hilo katika jina zamani: Kilindini, yaani penye kilindi. Meli za chuma zilipokuja zikahamia huko, na leo ndiyo bandari yenye shughuli nyingi kuliko zote Afrika Mashariki. Kwa uzuri wa umbo lakini, taji naipa Mtwara: ghuba pana, yenye kina, iliyokingwa na ardhi pande zote isipokuwa mlango mwembamba. Gati lake lilijengwa kwa ajili ya mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Karanga hazikuja. Miaka mingi baadaye korosho ndizo zilizolipa gati hilo heshima yake.

Na fukwe? Watu huzipima kwa weupe wa mchanga. Mimi nazipima kwa maji. Paje, mashariki mwa Unguja, bahari ikipwa huenda mbali mpaka unaona wanawake wakitembea kwenye mashamba yao ya mwani kama wako bara. Zao hilo lilianza kulimwa pale kibiashara mwaka 1989. Kendwa, kaskazini, maji hayasogei sana, unaogelea saa yoyote. Lakini ufuo mkuu kuliko zote ni Shela, Lamu: kama kilomita 12 za mchanga mfululizo, na nyuma yake vilima vya mchanga ambavyo ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya mji. Anayevijengea juu anachezea kisima cha Lamu nzima, na jambo hili linanikera kila ninaporudi.

Ufuo huu uliamua vita. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 jeshi la Pate na la Mazrui wa Mombasa lilishuka Shela kwenda kuiteka Lamu. Walamu waliwapiga, wakawarudisha mbio hadi pwani, na huko, kama inavyosimuliwa, wavamizi walikuta maji yamepwa na vyombo vyao vimekaa mchangani, havisukumiki. Mifupa iliendelea kufichuliwa na upepo kwa miaka mingi. Walamu, wakihofia kisasi, walimwita Seyyid Said wa Omani awalinde. Ngome ya Lamu ikakamilika mwaka 1821, na mwaka 1837 ikawa zamu ya Mombasa kuangukia mikononi mwake. Maji kupwa siku moja, historia ya mwambao ikageuka.

Kinara cha mwisho ni Siyu, kisiwani Pate, kwa sababu moja tu: kati ya ngome kubwa za mwambao wa Kenya, hii inatajwa kuwa ndiyo pekee iliyojengwa na wenyeji, kujikinga na wageni. Katika miaka ya 1840 jeshi la Seyyid Said lilipigwa hapa na jemadari wake akauawa. Siyu haikusalimu amri mpaka miaka ya 1860, na hata ukiisogelea leo unaona kwa nini: hori lake limezungukwa na mikoko, na chombo hakiingii ila maji yakijaa.

Mjini bado wanashona viatu vya ngozi. Nilikaa na fundi mmoja, akikata ukanda kwa kisu chembamba, akinisimulia babu yake alivyofanya kazi hiyo hiyo, nikasahau saa. Nahodha alikuja mwenyewe kunifuata.

"Mwanangu, inuka. Maji yanapwa."

Tulitoka kwa upondo, mkuku ukigusa tope mara mbili, tukafika maji marefu.